Mwaka Ambao Kaisa Alikula Sebuleni

Habari za kifo cha Kaisa zilinikuta Kilimani, chini ya jengo anakoishi binti yangu, nikisubiri gari aliloniitia kwa simu. Ujumbe ulitoka kwa Liisa, mtoto wa Kaisa, na aliuandika kwa Kiswahili alichofundishwa na mama yake, Kiswahili kilichonyooka kuliko changu: "Shangazi Nyambura, mama alifariki jana asubuhi. Hakuteseka. Tutamzika Jumamosi ya wiki ijayo. Tafadhali andika maneno machache kuhusu mwaka wake wa Nairobi, tuyasome kanisani." Gari lilipofika dereva akaniuliza, "Mathe, ni Riruta, si ndio?" Nikaitikia, nikaketi nyuma, na mpaka sasa sikumbuki tulipita njia gani. Nilikuwa nikiyatafuta hayo maneno machache, nikaona kwamba sina machache. Mwaka ule ulikuwa mmoja tu, lakini ndio ulionifanya mtu niliye leo, na kuna sehemu yake ambayo mimi na Kaisa hatukuigusa tena kwa miaka arobaini, ingawa tulipiga gumzo la mambo mengine yote chini ya jua.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule, na alama zangu zilikuwa zimekikaribia chuo kikuu bila kukifikia. Mlango pekee uliobaki wazi ulikuwa mpango mdogo wa kubadilishana wanafunzi kati ya Kenya na Ufini. Ofisi yake ilikuwa katikati ya mji, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitambaa, na msimamizi wake alikuwa Madam Akumu, mwalimu mstaafu aliyevaa miwani yenye mnyororo na kumtazama mtu kana kwamba ameshasahihisha mtihani wake. Sheria ilikuwa moja na kila mtu aliijua. Nyumba itakayokaa na mwanafunzi wa Kifini kwa miezi kumi bila tatizo, mtoto wa nyumba hiyo ndiye atakayepelekwa Ufini mwaka unaofuata, na akifanya vizuri huko atafadhiliwa hadi apate shahada. Mgeni akiomba kuhamishwa, nafasi inahama naye. Tena mwisho wa umri ulikuwa miaka ishirini, kwa hiyo kwangu hakukuwa na mwaka mwingine wa kujaribu. Niliitaka nafasi ile kwa shahada, sikatai, lakini niliitaka pia ili nionekane nimeenda. Nilikuwa nimeshachagua koti.

Kaisa alipofika kwetu Riruta, mama yangu alikuwa ametayarisha sebule kama anayengojea askofu. Kila kiti kilikuwa na kitambaa cha kufuma, hata redio ilivalishwa chake. Vikombe vyenye maua vilitolewa kwenye kabati la kioo, ambako nilikuwa nimeviona tangu utotoni bila kuvigusa. Meza ndogo ikawekwa karibu na dirisha, na hapo ndipo Kaisa alipokula, asubuhi, mchana na jioni. Asubuhi mayai mawili, mkate uliopakwa siagi na chai ya maziwa mengi. Jioni wali, au chapati, na Jumapili kuku mzima wa kienyeji, ambaye mama alimpika kwa upole uliotushangaza sisi watoto wake. Mimi nilikuwa na kazi ya kumpelekea maji ya kunawa, kupanga vyombo, kumkaribisha, kisha kutoka na kuvuta pazia. Hivyo ndivyo mgeni wa heshima alivyokaribishwa kwetu. Kumwachia chumba ale kwa nafasi, bila macho ya watoto kufuata kila tonge, ulikuwa ndio ustaarabu wenyewe.

Sisi tulikula jikoni. Jiko letu lilikuwa kibanda cha mabati ng'ambo ya ua, kuta nyeusi kwa masizi, stuli nne fupi kuzunguka moto na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, katikati. Moshi ulitutoa machozi, na wadogo zangu wawili waligombania stuli isiyoyumba, lakini huko ndiko habari zote za siku zilikosimuliwa. Mama alikuwa na kipaji cha kumwigiza kila mtu aliyekutana naye, kuanzia karani wa ofisi ya chifu hadi mwimbishaji wa kwaya, na tulicheka mpaka majirani wakagonga ukuta. Kicheko hicho kilivuka ua na kuingia kwa dirisha la sebule, alikokaa msichana wa miaka ishirini peke yake na kuku mzima mbele yake. Nikifikiria jambo hilo naona aibu mpaka leo. Wakati ule sikuona chochote, wala mama hakuona. Siku moja nilimsikia akijitapa kwa wenzake wa kanisa waliokuja kunywa chai jikoni. "Huyo wangu tangu akuje hajashika hata kijiko," alisema. "Yeye ni kukaa na kusoma tu." Mmoja akamjibu kwa wivu usiofichika, "Yule Mfini wa kwa Mama Njeri juzi nilimuona akifagia. Nikasema, ni aibu gani hii."

Kaisa alikuwa mrefu, mkimya, na mkweli kupita kiasi. Mchungaji alipomuuliza kama amefurahia mahubiri, alimjibu kwamba sehemu ya kwanza ilikuwa nzuri na ya pili ilikuwa ndefu. Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni. Vijana wa dukani walimpigia "Niaje," naye akawajibu, "Sijambo, asante, na ninyi je?" wakamwona kioja na kumpenda hapohapo. Kila mahali alipendwa, na mimi nilidhani nyumbani kwetu amestarehe. Mara kadhaa alinifuata mpaka mlangoni na kuniuliza, "Je, ninaweza kusaidia?" Nami nikamjibu kama nilivyofundishwa, "Hapana, wewe kaa tu." Alikuwa akirudi kwenye kiti chake polepole.

Kila baada ya miezi mitatu wageni walijaza ripoti ya ofisi. Kwa kuwa nilikwenda mjini kila Ijumaa kwa masomo ya wale waliotarajiwa kusafiri, Kaisa alinipa bahasha yake niipeleke. Nilipanda ngazi hadi ghorofa ya pili, nikasimama. Ningesema kwamba kuna kitu kilinisukuma, lakini nilikuwa mimi mwenyewe na ukucha wangu. Niliifungua. Swali la nne liliuliza kama mwanafunzi anajiona mmoja wa familia. Kaisa alikuwa ameandika: "Hapana. Ninakula peke yangu kila siku, kwa miezi mitatu sasa. Wao hula pamoja na kucheka, na nikitaka kusaidia wananikataza. Nafikiri hawataki niguse vitu vyao. Sijui nimewakosea nini. Naomba kuhamishwa." Nilisoma mara tatu nikiwa nimeegemea ukuta wa ngazi, huku chini wakipima vitambaa na kubishana kuhusu bei. Nilijua nafasi ingekwenda wapi. Familia ya pili kwenye orodha ilikuwa ya Kitisuru, na binti yao Nisha, ambaye baba yake alikuwa na duka la vyuma mjini, alikaa karibu nami kila Ijumaa na kunigawia maandazi ya mama yake. Walikuwa wameshaandaa chumba chenye bafu lake.

Niliitia bahasha chini kabisa ya mkoba, nikamalizia ngazi zilizobaki. Madam Akumu alinyoosha mkono kabla sijasalimia. "Ripoti ya Kaisa?" Nikasema hajamaliza kuijaza. Alinitazama juu ya miwani yake. "Kaisa? Hajamaliza?" Nikasema ndiyo, Madam, alikuwa na homa kidogo. Kisha nikaketi kando ya Nisha na kuandika kwenye daftari namna ya kuvaa wakati wa theluji.

Nyumbani nilimkuta mama akichambua maharagwe. Nilimwambia Kaisa ameniambia kwamba anajiona ametengwa, na huo ulikuwa uongo wa tatu siku hiyohiyo. Mama aliweka ungo chini. "Nimemkosea nini huyo mtoto?" aliuliza. "Si kila Jumapili nachinja kuku? Hata nyinyi hamkulangi hiyo kuku."

"Hataki kuku, Mama. Anataka kukaa na sisi."

"Wapi? Hapa? Na hii moshi yote?"

"Hapa."

Alichukua ungo tena, akachambua hata yale yaliyokwisha kuchambuliwa. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuizoea, "Sikutaka aone vile tunakaa." Mama yangu hakumwogopa mtu yeyote Riruta, na ndiyo mara ya kwanza nilipojua kwamba masizi ya kuta zile yalimtesa. Miezi mitatu yote alikuwa akijificha nyuma ya vikombe vyenye maua.

Kesho yake, Jumamosi, alisimama mlangoni pa jiko na kuita kwa sauti ya kuvuka ua: "Kaisa, wacha hiyo kitabu, kuja unisaidie." Kaisa alitoka mbio, kiatu kimoja bila kufunga. Mama alimkalisha kwenye stuli, tena ile isiyoyumba, akampa mwiko mkubwa na sufuria ya viazi, mahindi na majani ya maboga. "Ponda," akamwambia. Mfini yule aliponda mukimo kana kwamba ana kesi na viazi. Vipande viliruka mpaka kwenye mabati, na mdogo wangu akasema, "Huyu ana nguvu ya trakta." Tulicheka, naye akacheka, mara ya kwanza tangu aje kwetu, kicheko kikubwa ambacho hakikulingana na ukimya wake. Alikula sahani mbili huku machozi yakimtoka kwa moshi. Mama akamuuliza kama anataka kurudi sebuleni apumue. "Hapana, Mama," akajibu. "Ninaomba sahani ya tatu." Kuanzia hapo hakula tena dirishani. Waliofaidi zaidi ni wadogo zangu, maana kuku wa Jumapili sasa akawa wa wote, na Kaisa akiwa mgeni asiye mgeni tena alibahatika mara nyingi kupata shingo.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa tamu, na mimi nilijipongeza. Nilikuwa nimeokoa nafasi yangu na kumponya Kaisa kwa pigo moja, na bahasha niliificha chini ya godoro nikisubiri siku nzuri ya kuichoma. Alasiri ya Jumatano Madam Akumu alibisha hodi bila taarifa. Aliketi sebuleni kwenye kitambaa cha kufuma, akapokea chai, akaulizia afya ya kila mtu, kisha akamgeukia Kaisa. "Na wewe, ripoti yako iko wapi? Nimengoja sana. Homa imeisha?"

"Homa gani?" Kaisa aliuliza.

Nilimtazama. Nilimwomba kwa macho, kama mtu anavyoweza kuomba kwa macho, aseme amesahau, aseme imepotea, aseme lolote. Aliniona. Najua aliniona, kwa sababu alisita na uso wake ukawa mwekundu. Kisha akasema, "Nilimpa Nyambura."

Mama aliweka birika mezani. Nilikwenda chumbani, nikainua godoro, nikarudi na bahasha iliyofunguliwa, nikampa Madam. Aliisoma yote bila haraka. Kaisa akasema hiyo ni ya zamani, sasa ana mengine ya kuandika, akaomba karatasi mpya. "Utaandika," Madam akamjibu, "na zote mbili zitakaa kwenye faili." Kwa mama alisema asante kwa chai. Kwangu alisema, "Ijumaa, saa tatu."

Siku mbili zile sikumsemesha Kaisa. Alhamisi alinikuta nikianika nguo uani, akachukua shuka upande wa pili tukalikamua pamoja kama tulivyozoea. "Umenikasirikia," alisema.

"Eeh."

"Ningesema nini?"

"Ungesema umesahau."

Alifikiri, kama alivyofikiri kila mara kabla ya kujibu, mpaka maji ya shuka yakaisha kudondoka. "Sijui kufanya hivyo," akasema. "Niwie radhi, Nyambura, lakini sijui." Nilichukua beseni nikaingia ndani.

Ijumaa mama alivaa koti lake la kanisani, akaenda nami bila kualikwa. Alipanda ghorofa zote tatu akihema, na kabla ya kuketi akamwambia Madam Akumu, "Makosa ni yangu. Mimi ndiye nilimwekanga huko peke yake. Huyu msimwondoe." Madam alimsogezea kiti. "Mama Nyambura, hakuna mtu amekosea kwa kupikia mgeni kuku. Nyumba nane kati ya kumi wanafanya hivyo." Kisha akanigeukia. "Wewe ulifikiri hizi karatasi ni za kufukuza watu? Ungeileta, ningekuja Riruta siku hiyo hiyo. Ningekunywa chai na mama yako, nimwambie, huyu mtoto mpe mwiko. Nusu saa, kazi imekwisha. Hiyo ndiyo kazi yangu."

"Na mimi ningeenda?" niliuliza.

"Ungeenda."

Sijapata kusikia neno zito kama lile. Alivua miwani akaifuta. Akasema nafasi atapewa Nisha, kwa sababu hawezi kumtuma ng'ambo mtu anayefungua barua za wenzake, na kwamba Kaisa atabaki kwetu mpaka mwisho kwa kuwa ameomba hivyo. Mama alianza kulia kimyakimya. Mimi sikuweza. Ndipo Madam akasema, kwa sauti ileile ya kusahihisha mtihani, "Jumatatu saa mbili asubuhi uwe hapa. Nahitaji msaidizi wa kutembelea nyumba za wenyeji. Wengi wanaoomba hii kazi hawajui shida yenyewe. Wewe sasa unaijua."

Nilikwenda Jumatatu ile kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda, na nikabaki kwa zaidi ya miaka thelathini, kumi na miwili ya mwisho nikiwa nimekalia kiti cha Madam mwenyewe. Nisha alikwenda Ufini, akarudi, na siku ya harusi yake Kitisuru mama yake aliniweka mezani pamoja na ndugu zao. Nimeingia nyumba nyingi za jiji hili, za vyumba kumi na za chumba kimoja. Sijawahi kuanza kwa kukagua kitanda cha mgeni. Huomba maji ya kunywa, kisha nafuata anayekwenda kuyachota, nione jikoni kuna stuli ngapi. Nimewaambia akina mama wa kila kabila na kila dini, kwa maneno ya Madam, wampe mtoto wa watu kisu, ufagio au mwiko, na nimewaona wakikasirika, halafu wakanipigia simu mwezi mmoja baadaye wakicheka. Kazi hiyo ilinisomeshea watoto. Muhimu zaidi, niliipenda. Naamka leo nikiwa mstaafu na bado naikumbuka kila Ijumaa. Msichana wa koti lililochaguliwa mapema angerudi na shahada, labda, na bahasha ingekuwa majivu, na angeendelea kuishi akijua kwamba uongo hulipa vizuri. Namshukuru Madam aliyeninyima na kunipa kwa pumzi moja. Namshukuru mama aliyemwita Mfini kwa sauti yake yote kutoka kwenye masizi. Lakini wa kwanza kushukuriwa ni Kaisa, aliyekaa sebuleni kwetu, akaniona nikimwomba, na bado akasema kweli.

Kaisa alirudi Nairobi mara tatu. Alikuja na mumewe, alikuja na Liisa akiwa mdogo, alikuja kumzika mama, akashinda jikoni siku mbili akipika pamoja na wanawake wa kanisa. Tulikumbuka mukimo, tukamcheka mchungaji, tukahesabu wajukuu. Habari ya bahasha sikuitaja hata mara moja. Niliona ni heshima kutoitaja. Sikutaka kumrudisha rafiki yangu kwenye dakika mbaya, nikamwandalia mazungumzo mazuri tu.

Nilipomaliza kuandika haya nilimtumia Liisa, na jioni yake akanipigia. Sauti yake inafanana na ya mama yake. "Shangazi," alisema, "nimesoma yote. Kuna jambo sijui kama nikuambie." Nikamwambia aniambie. "Mama alilia kwa ajili yako. Si mara moja. Alisema, nilimnyima Nyambura maisha yake kwa maneno mawili. Baba alimwambia akuulize, lakini alisema wewe hujawahi kumlaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililomuumiza. Alidhani unaficha hasira."

Kumbe nami nilimkalisha Kaisa dirishani, peke yake na vikombe vyenye maua, si kwa miezi mitatu bali kwa miaka arobaini, na kila mara alipofika mlangoni kuuliza nikamwambia akae tu.

Liisa akaniuliza kwa upole kama anaweza kupunguza maandishi, maana kanisani watampa dakika chache. Nilimwambia apunguze anavyotaka, aondoe sebule, aondoe ofisi, amwondoe hata Madam Akumu. Abakize maneno haya tu, na ayasome kwa Kiswahili kwanza: Kaisa, sikukulaumu. Siku ile ulifanya vema kusema, na maisha yangu mazuri yalianzia hapo. Nilipaswa kukuambia ukiwa hai.